Chupa Isiyopungua

Ndugu zangu, nitegeeni sikio. Neno tulilolisoma tuliweke kando kidogo. Kwanza nawauliza swali, na msiharakie kulijibu. Mtoto ni mgonjwa. Dawa aliyopewa ni nzuri. Aliyeitoa ameieleza sawasawa, mama ameifuata kwa utii wote, na bado mtoto anazidi kuzidiwa. Kosa liko wapi?

Kaeni na swali hilo, nami niwasimulie.

Kule kwenye mashamba ya chai, upande wa milimani ambako mwezi wa sita ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi, alikuwapo binti mmoja aliyeitwa Tusekile. Alikuwa amemaliza mwaka wake wa kidato cha tano, mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, akitaka kuwa daktari. Na hakuutaka udaktari kwa ajili ya koti jeupe. Binti huyu alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua. Sikukuu ikifika, mbuzi akichinjwa, watoto wenzake walikuwa wakigombea maini. Yeye aliomba mapafu. Alichukua kikonyo cha jani la mpapai, kile chenye tundu katikati, akakichomeka kwenye koromeo la mbuzi, akapuliza. Mapafu yakavimba kama yako hai. Wenzake wakatimua mbio. Yeye akabaki palepale, amechuchumaa, anatazama yanavyosinyaa.

Bibi yake alikuwa akimwangalia na kusema, "Mjukuu wangu huyu, ama atakuwa daktari, ama watu watamwogopa."

Likizo ilipofika, Tusekile alikwenda kwenye zahanati iliyo karibu na kwao. Ilikuwa zahanati ndogo, yenye tabibu mmoja mtu mzima, na nesi mmoja ambaye watu wote walimwita Sista. Akamwendea tabibu.

"Shikamoo, tabibu. Naomba nije hapa wakati wa likizo nijifunze."

"Marahaba. Ujifunze nini?"

"Chochote."

Tabibu akamtazama. "Chochote kinaanza na ufagio," akasema.

Basi alianza na ufagio. Akafagia wiki nzima, na kila alipofagia alikuwa akiuliza. Kwa nini mtoto anahesabiwa pumzi akiwa ametulia na siyo akilia? Kwa nini dawa hii inakaa kivulini? Kwa nini huyu amepewa vidonge na yule sindano, na wote wanakohoa? Tabibu alimjibu alipopata nafasi, na asipopata nafasi alisema, "Andika, utaniuliza jioni." Na jioni binti aliuliza kweli.

Wiki ya pili wagonjwa waliongezeka kwa sababu ya baridi. Sista akawa anachoma sindano, anapima wajawazito, anafunga vidonda, yote yeye. Kwa hiyo tabibu akamweka Tusekile kwenye dirisha la dawa. Dawa alikuwa akiziandaa Sista mwenyewe; kazi ya Tusekile ilikuwa kumkabidhi mgonjwa na kumweleza namna ya kuitumia. Alivaa koti lake la maabara la shuleni, maana ndilo lililokuwa safi. Na watu wakaanza kumwita daktari. Siku ya kwanza aliwasahihisha. Siku ya tatu akaacha.

Msicheke. Ninyi mnaoitwa "mzee wa kanisa" kabla hamjabarikiwa, huwa mnawasahihisha watu?

Jumatatu moja alikuja mama mchuma chai kutoka ng'ambo ya mto, amembeba mwanawe mgongoni. Mtoto aliitwa Ipyana, mwaka mmoja na miezi mitatu, na kama ilivyo desturi yetu, mama naye akaitwa Mama Ipyana. Mtoto alikuwa anakohoa na kupumua haraka. Tabibu akamhesabu pumzi, akamsikiliza kifua, akasema ni nimonia, bado haijawa mbaya, atapona kwa dawa ya kunywa. Akamwandikia ile dawa ya unga. Kina mama mnaijua: chupa inakuja na unga ndani, unaongeza maji mwenyewe nyumbani, inakuwa ya rangi ya waridi na inanukia kama peremende.

Mama Ipyana akafika dirishani. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni. Tusekile akaeleza vizuri kabisa, kwa sauti, kama alivyofundishwa.

"Mama, chemsha maji, yaache yapoe. Mimina humu mpaka yafike kwenye huu mshale. Yakiwa chini ya mshale, dawa inakuwa kali mno kwa mtoto. Tikisa vizuri. Kisha mpe kijiko kimoja kidogo asubuhi, mchana na jioni, kwa siku saba. Umeelewa?"

"Ndiyo, daktari," akasema Mama Ipyana.

"Anayefuata."

Hebu niambieni, kuna neno gani baya hapo? Hakuna. Mimi nimemuuliza tabibu mmoja rafiki yangu, akaniambia hata yeye angeeleza hivyohivyo.

Ijumaa asubuhi Mama Ipyana alirudi. Safari hii hakungoja foleni. Watu wenyewe walimpisha walipomwona mtoto. Ipyana alikuwa amelegea begani kwa mama yake, na kila alipovuta pumzi mbavu zilikuwa zinaingia ndani. Tabibu akampokea haraka, akamlaza, akamchoma sindano, akamwambia Sista mtoto abaki hapahapa wamwangalie. Ikifika jioni hana nafuu, itafutwe gari apelekwe hospitali ya wilaya.

Sista akaomba aone ile dawa. Mama akaitoa kwenye kikapu. Sista akaiinua juu kwenye mwanga.

Chupa ilikuwa imejaa. Imejaa mpaka kwenye mshale.

Siku nne zimepita, vijiko vitatu kila siku. Chupa ilipaswa kuwa chini ya nusu. Sista akamgeukia mama, na alisema mbele ya foleni nzima, bila kupaza sauti, jambo ambalo nadhani lilikuwa baya zaidi.

"Hukumpa mtoto dawa."

"Nimempa, Sista."

"Umempa? Chupa hii imejaa."

"Nimempa kila siku. Sijaruka hata mara moja."

"Mama Ipyana, mimi nina macho."

Kwenye foleni watu wakaanza kunong'onezana. Mmoja akasema labda anamnywesha mizizi na dawa ameiweka tu. Mwingine akasema wachuma chai wanaondoka alfajiri, atampa saa ngapi? Bibi mmoja mcha Mungu akasema kwa upole kwamba pengine mama anasema kweli, na Bwana ndiye anayeijaza hiyo chupa. Sista akachukua kadi ya mtoto akaandika: Mama hatoi dawa.

Mama Ipyana hakujua kusoma sana, lakini alijua anaandikwa. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono mmoja juu ya tumbo la mwanawe.

Sasa mwangalieni Tusekile. Yeye ndiye aliyeikabidhi ile chupa siku ya Jumatatu. Alimkumbuka mama yule. Alikumbuka alivyosema ndiyo. Jambo la kwanza alilohisi, nisiwafiche, lilikuwa hasira. Mimi nimemweleza vizuri, yeye ameipuuza, na mtoto ndiye anayeumia. Angeweza kuishia hapo. Wengi wetu huwa tunaishia hapo; mtu akishajulikana kuwa ni mkosaji, hatuna tena hamu ya kumjua.

Lakini nilishawaambia huyu binti alikuwa na ugonjwa gani. Sista alipoiweka chupa mezani na kwenda kwa mgonjwa mwingine, Tusekile aliichukua akaitazama. Kizibo kilikuwa kinanata. Ubavuni pa chupa palikuwa na michirizi iliyokauka, kama ya dawa iliyomwagika mara nyingi wakati wa kumimina. Karatasi ya chupa ilikuwa imeanza kuchakaa pale vidole vinaposhika. Akajiuliza, dawa isiyotumika inachakaaje?

Kisha akaona rangi. Ilikuwa imepauka. Akaenda kabatini akachukua chupa nyingine ambayo Sista alikuwa ameichanganya asubuhi ileile kwa ajili ya mtoto mwingine aliyekuwa akinyweshwa hapohapo zahanati, akaziweka mbili pamoja dirishani. Ile mpya ilikuwa ya waridi iliyokolea. Ya Mama Ipyana ilikuwa kama maji ya kusuuzia kikombe cha dawa. Akaitikisa, akidhani unga umetuama chini. Haikubadilika. Akainusa: harufu ya peremende ilikuwa kwa mbali sana.

Akamfuata Sista. "Sista, kama hakumpa mtoto dawa, mbona kizibo kinanata?"

"Binti, una wagonjwa dirishani."

"Na rangi yake siyo hii."

"Labda ameinywesha nusu akajaza maji ili tusijue. Watu wana mambo. Nenda dirishani."

Alikwenda dirishani. Akatoa dawa kwa watu watatu, na akili yake haikuwa hapo. Kujaza maji ili asigunduliwe? Aliyetupa dawa kwa uzembe angetupa chupa pia, akasema imekwisha. Kwa nini aje na chupa iliyojaa, ushahidi wa kumfunga yeye mwenyewe, na kuitoa bila woga? Mtu wa nne alipopata dawa yake, Tusekile aliomba foleni imsamehe kidogo. Akaichukua ile chupa, akaenda kwenye kitanda cha Ipyana.

Sikilizeni alivyouliza, maana hapa ndipo mlango ulipofunguka. Hakusema, "Kwa nini hukumpa?" Hakusema hata, "Ni kweli ulimpa?" Alichuchumaa mbele ya yule mama, kama alivyokuwa akichuchumaa mbele ya mapafu ya mbuzi, akasema, "Mama, naomba unionyeshe unavyompa. Toka mwanzo. Nataka tu kuona."

Mama Ipyana akamtazama kuona kama ni mtego. Akaona siyo mtego. Akachukua chupa, akaitikisa vizuri, akahesabu kimoyomoyo. Akafungua, akamimina kijiko kimoja kwa uangalifu, akakimwaga kwenye kikombe kilichokuwa kando ya kitanda kwa sababu mtoto alikuwa amelala. Mpaka hapo hata Sista angempa alama zote.

Kisha akaingiza mkono kwenye kikapu chake, akatoa chupa ndogo ya soda iliyofungwa kwa kitambaa safi. Ndani yake kulikuwa na maji.

"Haya nimeyachemsha saa kumi na moja alfajiri kabla ya kuja," akasema. "Yamepoa."

Akaiweka chupa ya dawa juu ya kimeza, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na ule mshale, akafumba jicho la pili, na akamimina maji taratibu, tone kwa tone, mpaka yakafika palepale kwenye mshale. Akafunga kizibo, akatikisa. Akamtazama Tusekile kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani.

Tusekile akaitazama ile chupa, imejaa tena mpaka kwenye mshale. "Mama," akasema, "umekuwa ukifanya hivi kila siku?"

"Kila ninapompa. Mara tatu."

"Kwa nini?"

"Wewe ndiye uliyeniambia, daktari. Ulisema yakiwa chini ya mshale dawa inakuwa kali mno kwa mtoto. Nami kila nikimpa kijiko, inashuka chini ya mshale. Sasa nitampaje mwanangu dawa kali?"

Mmeona, wapendwa? Kila kijiko kilichotoka kilirudishwa kwa maji. Siku ya kwanza mtoto alikunywa dawa, siku ya pili akanywa dawa na maji, na ilipofika siku ya nne, anayoyanywa nusu yake ni maji. Mama yule alikuwa anaamka gizani, anawasha kuni zenye umande, anachemsha maji ya kumpunguzia mwanawe uhai, na anafanya hivyo kwa upendo, kwa utii na kwa usafi wa ajabu. Angekuwa mama mzembe, mtoto angepata nafuu mapema zaidi.

Tusekile alitaka kujitetea, na maneno yalikuwapo. Nilikwambia mara ya kwanza tu, wakati wa kuchanganya. Lakini alipoyatafuta kichwani maneno aliyoyasema Jumatatu, hakukumbuka kusema "mara ya kwanza tu". Kwake lilikuwa jambo lililo wazi. Alilijua, kwa hiyo alidhani limesemwa.

Akauliza, "Mbona hukuniuliza, mama?"

"Uliniuliza wewe. Ukasema, umeelewa? Nikasema ndiyo."

"Lakini hukuwa umeelewa."

Mama Ipyana akafikiri. Hakuwa mtu wa kukasirika. "Nilidhani nimeelewa," akasema. "Na hata kama ningekuwa na wasiwasi, ningesema hapana mbele ya watu wote wale? Mimi niliishia darasa la nne. Mwalimu akiuliza mmeelewa, tunaitikia wote, ndiyooo. Anayesema hapana anasimamishwa mbele. Kwa hiyo nilijifunza kusema ndiyo. Ndilo somo nililolishika kuliko yote." Kisha akauliza, kwa kutaka kujua tu, wala siyo kwa kumchoma, "Huko kwenu kwenye shule kubwa, mwalimu akiwauliza hivyo, ninyi mnasema nini?"

Tusekile akalikumbuka darasa lake. Kulikuwa na mada moja ya kemia ambayo alikuwa akiikariri tangu kidato cha tatu bila kuielewa. Alifaulu mitihani kwa kukariri hatua. Miaka mitatu, walimu wawili, na kila mmoja alipouliza, Tusekile aliitikia pamoja na darasa.

Sasa hapo alipokuwa amechuchumaa, hakuna aliyejua kilichotokea ila yeye na yule mama. Na mama mwenyewe bado hakujua kwamba kimetokea kitu. Kadi ilishaandikwa. Mtoto amechomwa sindano. Tusekile angeweza kunong'ona tu, "Mama, kuanzia leo usiongeze maji," na mambo yangekwenda. Na alihitaji barua ya tabibu, ya kumsifia atakapoomba chuo cha udaktari. Aliiwaza hiyo barua; binti huyu hakuwa malaika. Angeombaje barua ya kusifiwa baada ya kusema, mimi ndiye niliyemzidishia mtoto ugonjwa?

Alisimama akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha tabibu. Sista alikuwa mlemle akisubiri saini. Tusekile akaeleza yote, toka kizibo kinachonata mpaka chupa ya soda. Mwisho akasema, "Mama amempa dawa. Kosa ni langu."

Tabibu akaweka kalamu chini. "Ulimwambia nini Jumatatu? Rudia, neno kwa neno."

Akarudia.

Tabibu akasema, "Hayo ndiyo maneno yangu. Ulinisikia mimi nikiyasema, ukayachukua yalivyo." Akamgeukia Sista. "Nimeyasema kwa miaka ishirini na sita."

 Kupitia dirisha la chumba chake foleni ilikuwa inaonekana: wanawake na watoto wao, wazee na fimbo zao. Tabibu aliwatazama muda mrefu. Nadhani mnajua alikuwa anawaza nini. Ni wangapi katika miaka hiyo walirudi na chupa iliyojaa, na sisi tukawaandika kwenye kadi?

Sista aliichukua kadi ya Ipyana, akaufuta ule mstari kwa kalamu, mara mbili, mpaka haukusomeka. Kisha akaenda jikoni kwake nyuma ya zahanati, akarudi na bakuli la uji wa moto, akampa mama wa mtoto bila kusema neno. Kila mtu ana namna yake ya kuomba radhi. Lakini mimi, ndugu zangu, ningependa angeyasema yale mbele ya foleni ileile iliyosikia mashtaka. Aibu aliyopewa mtu mbele za watu haiondolewi kwa uji wa pembeni.

Mtoto? Jioni ile hakuhitaji gari. Walimchoma sindano usiku na mchana, siku tatu. Tusekile alimhesabu pumzi kila saa aliyokuwapo na kuziandika kwenye daftari: hamsini na nane, hamsini na mbili, arobaini na sita. Jumatatu asubuhi aliziandika thelathini na nne, na alikuwa bado anaandika Ipyana alipoinyakua kalamu na kuitia mdomoni. Mama yake akacheka kwa mara ya kwanza tangu wamjue.

Siku hiyohiyo Tusekile alirudi kwenye dirisha la dawa. Alieleza kama kawaida, lakini lile swali la mwisho alilitupa. Badala yake akawa anasema, "Sasa nielekeze mimi. Ukifika nyumbani, utafanyaje?"

Mzee wa kwanza, mwenye vidonge vya kutwa mara tatu, alisema atavimeza vyote vitatu asubuhi, ili asisahau. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa kalamu, mtu wa miwani, alisema atameza mpaka ajisikie nafuu, na dawa zitakazobaki atamtunzia mkewe. Siku ile walipita watu kumi na saba dirishani. Waliojibu sawasawa walikuwa sita. Na wote kumi na saba, kama wangeulizwa swali la zamani, wangejibu nini? Semeni wenyewe.

Foleni ilichelewa. Sista alinung'unika. Tabibu akasema iachwe ichelewe.

Na shule zilipofunguliwa, kipindi cha kwanza cha kemia, mwalimu aliuliza, "Tumeelewana?" Darasa likaitikia. Tusekile akasimama, akasema, "Mwalimu, mimi sijaelewa. Tangu kidato cha tatu." Mwalimu akamtazama, akatazama darasa, akauliza nani mwingine. Mikono ikapanda mmoja mmoja kwa woga, mpaka ikafika zaidi ya nusu. Mwalimu yule, Mungu ambariki, alifuta ubao, akaanza upya.

Huo ndio mfano wangu. Sasa lile swali la mwanzo: kosa liko wapi?

Najua mnachotaka niseme. Mnataka niseme tuwe wasikivu, tusiwe kama Mama Ipyana. Lakini yeye alisikia kila neno. Au niseme tuwe watiifu. Yeye alitii kuliko sisi sote humu ndani. Wapendwa, sisi tumewafanya watu wetu wawe hodari wa kuitikia. Baba, umemwambia kijana wako, "Uwe na adabu, umenielewa?" Akasema ndiyo, baba. Hukumuuliza adabu kwake ni kitu gani, ukashangaa alipovumilia uovu wa mtu mzima akidhani kunyamaza ndiyo adabu. Mama, umemwambia binti yako anayeolewa, "Mvumilie mumeo." Akasema ndiyo, mama. Hukumuuliza mpaka wapi. Na leo anaficha michubuko chini ya kitenge, akiongeza maji kwa utii, kila siku, mpaka kwenye mshale.

Na msidhani nimejitoa. Mimi nimesimama hapa miaka kumi na minne. Nimewaambia "samehe", nimewaambia "jikane nafsi yako", nimewaambia "toa kwa moyo", mkaitikia Amina, nami nikateremka nimeridhika. Jumapili iliyopita pale mlangoni ndugu mmoja alinishika mkono akasema, "Mchungaji, mahubiri ya leo yamenigusa sana." Nikamuuliza, "Nilihubiri nini?" Akacheka. Na mimi nikacheka. Tukaagana.

Sikulala vizuri siku ile. Yule ndugu hana kosa. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Kosa ni la yule anayetoa dawa ya uzima kwa maneno sahihi kabisa, halafu anasema, anayefuata.

Kwa hiyo leo sitawauliza kama mmeelewa, na Amina yenu nawaomba mkae nayo kwanza. Wanakwaya, msianze wimbo. Nashuka hapa madhabahuni, naanzia benchi hili la mbele, na tutachelewa kutoka.

Baba, kaa tu, usisimame. Nieleze kama mtu ambaye hakuwepo. Umesikia nini?